Alama Nne za Milioni Moja na Moja

Katika chumba cha kusahihishia mitihani hakuna aliyeitwa kwa jina lake. Kila mwalimu alisahihisha swali moja tu na kumpitishia karatasi jirani, hivyo mama mmoja mwenye miwani akawa Bi Tisa, kwa swali la tisa, la mwisho. Kufikia siku ya nne kila kitu kilimtia kinyaa: soksi za Mzee Tano, vikombe vyenye ukoko wa chai, na zaidi ya yote kiongozi wa meza, aliyetafuna njugu za mafuta kisha akashika kazi za watoto wa watu kwa vidole vilevile.

Swali lenyewe lilikuwa fupi: je, 1,000,001 ni namba tasa, yaani haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe? Mwongozo ulisema ndiyo, kwa kuwa haigawanyiki kwa 2, 3, 5 wala 7. Alama nne. Aliyeandika hapana alipata sifuri, na kazi ilikwenda mbio.

Asubuhi hiyo mkono ukasita. Mtahiniwa mmoja alikuwa ameandika hapana, na chini yake 101 × 9,901. Bi Tisa akazidisha pembeni polepole, kama mtoto wa darasa la nne. Ikatoka milioni moja na moja, haikupungua wala kuzidi. Akajumlisha alama nyingine za mtoto yule: thelathini na saba. Kufaulu ni arobaini.

Kiongozi wa meza aliitazama karatasi huku akitafuna. Akasema mwongozo umeshapigwa muhuri na maelfu ya karatasi yameshapita. Wakianza kufukua, hawatatoka humu mwezi huu.

“Lakini hesabu ya mtoto ni sahihi, Mwalimu.”

“Sahihi ni ile ya mwongozo, dada yangu. Funika kombe mwanaharamu apite.”

Mzee Tano akacheka. Bi Tisa akaweka kalamu chini. Watu wazima, walimu wa hesabu, wanamfelisha mtoto aliyewazidi akili kwa sababu wana haraka ya kurudi nyumbani! Akawaambia hivyo hivyo, na kwamba hasaini kitu.

“Haya, mpe huyo mmoja,” kiongozi akasema, kama anayemtupia mbwa mfupa. “Mmoja tu.”

Bi Tisa akainuka. Alikwenda pembeni kwenye magunia ya karatasi zilizokwisha, akakata kamba ya la kwanza na kuanza kupekua swali la tisa. Karatasi ya sita ilikuwa na mwandiko mdogo, safi: 101 × 9,901. Kando yake sifuri kubwa nyekundu, na maneno aliyoyaandika mwenyewe siku ya kwanza: Acha kubahatisha.

Kiongozi akauliza, bila kuinuka kitini, amepata nini huko.

“Uchafu wangu,” akasema Bi Tisa, akavuta gunia la pili.