Nane ya Liette

"Miwili!"

"Mmoja!"

"Nakwambia miwili, Doria, imekaa sambamba kama reli ya—"

"Reli iko kichwani mwako! Huo mwingine ni mkwaruzo wa wale vijana wa hoki, walicheza hapa jana, na Zoël hakupitisha mashine vizu—"

"Niache nimalize—"

"Umalize nini, na umeanza vibaya!"

"Nani hakupitisha mashine?" Huyo alikuwa Zoël mwenyewe, mtunza uwanja, amekaa juu ya mashine yake ya kulainisha barafu kule mlangoni, mkate mdomoni. "Hebu rudieni nisikie! Barafu yangu laini kuliko shavu la bibi harusi!"

"Wewe tafuna, Zoël. Hujaulizwa."

Watu wazima wawili walikuwa wamepiga magoti katikati ya uwanja wa Pointe-Rouge, matako juu, pua zimebaki kidogo zigande kwenye barafu. Mmoja ni Alyre Haché, mwalimu wa hesabu, mtu anayekipima kipande cha keki kwa macho kabla ya kukila. Mwingine Doria Savoie, fundi cherehani, aliyeshona nusu ya magauni ya kutelezea barafuni ya wilaya yetu. Mbele ya pua zao kulikuwa na nane kubwa, miduara miwili iliyoshikana, ambayo Liette Chiasson, msichana wa mtihani wa leo, ametoka kuichora kwa visu vya viatu vyake vya barafuni, mara tatu, akipita juu ya mstari wake uleule.

Sheria ya mtihani inasema majaji wasisemezane. Kila mtu aangalie mstari, aandike maksi zake, afunge mdomo. Lakini majaji wa Pointe-Rouge ni ndugu watupu, na ukimwambia ndugu anyamaze kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa sita mchana, huo si mtihani tena, ni kifungo.

"Basi tumwite Shangazi," Alyre akasema, akijipangusa magoti. "Mimi namfelisha, wewe unampasisha. Kura ya tatu ni yake."

"Mwite! Exélda, dada yangu, njoo umtoe huyu ujinga."

Exélda Gautreau, shangazi yake Alyre na jaji wa tatu, alikuwa amesimama hatua kumi nyuma yao, ubao wa karatasi kifuani, kalamu ameibana mpaka vidole vinamuuma. Siku hii alikuwa akiiogopa mwaka mmoja na nusu. Alikuwa akiiona jikoni akimenya viazi, alikuwa akiiona kanisani watu wakiimba. Na sasa imefika, imevaa mabuti ya mpira, inamwita njoo.

Kwa sababu Exélda haoni.

Si kwamba yuko gizani kabisa. Daktari wa macho kule mjini Moncton alimweleza vizuri, tena kwa upole: katikati ya jicho kumekufa, pembeni kutabaki. Ukimtazama usoni, kwake wewe ni koti lenye masikio. Hapo kwenye pua na mdomo kuna doa, kama mtu kamwaga chai juu ya picha. Pembeni anaona. Anaona mlango, anaona ukuta, anaona Zoël ni kitu chekundu juu ya kitu cha buluu. Lakini mstari mwembamba kama unywele, mweupe, juu ya barafu nyeupe? Usimchekeshe.

Hakumwambia mtu. Gari aliliacha uani akasema gia zimekufa, na gari lilikuwa zima kabisa, limelala chini ya theluji linamtazama. Alyre alishakuja mara mbili na boksi la spana, na mara zote mbili akamkuta shangazi yake "amelala", saa nne asubuhi, huku redio inacheza. Watu wanamuuliza mbona siku hizi unapita bila kusalimia, anajibu, nawaza. Pointe-Rouge nzima ikawa inaamini Exélda Gautreau anawaza sana.

Ujaji ndio alioshindwa kuuacha. Miaka thelathini na mmoja, tangu mumewe hajazikwa, tangu hawa akina Alyre wanaanguka hapahapa wakilia mama. Kila majira ya baridi, Jumamosi, anavaa mabuti, anapiga magoti, anaangalia mstari, anainuka bila kukunja uso. Watoto walikuwa wakimuogopa kuliko daktari wa meno. Sasa anapiga magoti vilevile, anahesabu mpaka ishirini, anainuka. Maksi anakuwa ameshaziandika kichwani, kwa masikio.

Maana kisu cha kiatu kina kingo mbili, ya ndani na ya nje, na katikati kuna mfereji. Mtu anayejua kuteleza hupanda ukingo mmoja tu, akaegemea, goti likakunjika kama mtu anayekaa kwenye kiti cha nyumbani kwake, na kile kisu kikaenda. Hasukumi, hapapatiki, na kasi inazidi. Ukimuuliza ameitoa wapi hata yeye hajui kukuambia. Na hasikiki. Asiyejua anadondokea kingo zote mbili kwa pamoja, kisu kinakoroma, krrr, na barafuni inabaki mistari miwili. Wanaoruka wanapigiwa makofi, wanapigwa picha, wanapewa maua. Lakini wazee wa mchezo, ukiwakuta kwenye kahawa yao, wanamtaja nani? Yule aliyepita nyuma yao wasimsikie, wakashtukia upepo tu.

Exélda aliliamini sikio lake, mpaka Februari mwaka jana. Alimfelisha binti wa Melvin kwa sababu ya mlio mmoja mbaya kwenye kona. Wiki mbili baadaye, kwenye meza ya kahawa, akamsikia mama wa huyo binti akicheka: viatu vipya vile, ngozi ilikuwa inalia kama paka, mpaka tumeipaka mafuta. Ngozi! Exélda alikuwa na kipande cha mkate wa molasi mdomoni, na kile kipande hakikushuka. Binti hakurudi tena uwanjani. Tangu hapo kila Jumamosi anaamka mikono ya baridi, anajiambia leo nawaambia, anavaa mabuti, hawaambii.

Na leo ni Liette.

Liette ana miaka kumi na saba na hajui kuruka. Yaani hajui. Akiruka, watu wanafumba macho kwa huruma. Wasichana wenzake wanamwita Friji. Lakini huu ulikuwa mtihani wa ngazi ya nane, ya mwisho kabisa, na mara yake ya tatu kuujaribu, na klabu imesema atakayeupita atafundisha watoto kuanzia vuli. Asipoupita, atamfuata mama yake kiwanda cha kamba wa baharini, akawamenye mpaka vidole vipauke. Hakuna mara ya nne. Mama yake amesema, na mama yake si mtu wa kusema mara mbili.

Liette alipokuwa anachora ile nane, Exélda alikuwa amefumba macho kabisa. Akasubiri. Duara la kwanza, kimya. Akadhani msichana bado hajaanza, akageuza kichwa, na pembeni ya jicho akaona koti la kijani likipita, kubwa, kasi, karibu kiasi cha kumgusa. Miaka thelathini na mmoja na hajawahi kusikia kitu kama hicho, yaani hajawahi kutosikia namna hiyo. Juu ya duara, pale pa kugeuka, pale ambapo kila mtu kisu chake hukohoa, hapakuwa na kitu. Mara ya pili hapakuwa na kitu. Mara ya tatu hapakuwa na kitu.

Na ni palepale Alyre anapoona mistari miwili.

"Shangazi?"

"Nakuja. Mnaniharakisha kama kuna moto."

Akaenda. Hatua kumi. Alizifuata sauti zao, na alipohisi joto la miili yao akasimama, akapiga magoti kama alivyopiga magoti maisha yake yote. Chini yake kulikuwa na weupe, na katikati ya weupe, doa.

Akahesabu. Moja, mbili, tatu.

"Unaona, sivyo?" Doria akasema. "Ule wa kando ni kovu la jana. Hata haujapinda kama huu."

"Umepinda!" Alyre akasema.

"Mgongo wako ndio umepinda."

Kumi na nane, kumi na tisa, ishirini. Exélda akajikaza ainuke, na mkono ukamtua begani. Haukumsukuma. Ulimwekea uzito tu.

"Bado, Shangazi." Sauti ya Alyre ilikuwa imeshuka. Si ile ya ugomvi tena. Ilikuwa ile ya mwalimu anayemwinamia mtoto aliyenakili. "Doria, nyamaza kidogo. Na mimi nanyamaza. Shangazi atuwekee kidole. Kama ni mmoja, auguse huo mmoja. Kama miwili, aguse wa kwanza, aguse wa pili."

"Ya nini mambo hayo?" Doria akauliza. "Yeye si mtoto wa shule yako."

"Leo ametia sahihi nje ya kisanduku mara nne."

Zoël aliacha kutafuna. Exélda alimsikia akiacha.

"Kalamu mbovu," Exélda akasema.

"Ndiyo, Shangazi. Kidole tu."

Akavua glovu. Akaushusha mkono wa kulia barafuni. Kuna mistari hapo, alijiambia, mstari ni mfereji, na mfereji unashikika. Zamani alikuwa anaweza kuujua ukingo kwa kidole kama Doria anavyojua kitambaa. Akapapasa. Baridi ikapanda kwenye kidole, na baada ya punde kidole chenyewe hakikuwepo. Kilikuwa kijiti, kilikuwa cha mtu mwingine. Kulikuwa na kitu pale? Palikuwa na miwili? Au ni kucha yake mwenyewe inayokwaruza?

Njia rahisi ilikuwapo, na aliijua. Aseme miwili. Akubaliane na Alyre, Alyre hatamdai kidole tena, nani anamkagua mtu aliyekubaliana naye? Watakwenda mkahawani wanywe supu ya kuku. Msichana atalia, wasichana huwa wanalia, na Jumamosi ijayo Exélda atavaa mabuti yake. Neno lilikuwa tayari, limekaa nyuma ya meno. Alichoogopa ni kwamba lilikuwa jepesi mno.

Na akisema mmoja, je? Alyre atasema, onyesha. Akigusa pasipo na kitu, wataangaliana juu ya kichwa chake, na huo mtazamo hatauona. Kisha litaanza: tangu lini? Nani mwingine? Binti wa Melvin? Na kura yake itafutwa, na Liette atafeli vilevile. Hilo ndilo lililomkwamisha. Ukweli wake mwenyewe haukuwa na faida kwa msichana, kwa kuwa unatoka kwa mtu ambaye hataaminiwa tena kuanzia dakika hiyo.

"Bi Exélda," sauti ikasema kwa mbali kidogo. Ya Liette. Alikuwa amesimama pembeni ya nane yake, hakuruhusiwa kusogea. "Samahani. Naweza kukaa chini? Miguu inanitetemeka."

"Simama hapohapo," Alyre akasema. "Utaharibu mstari."

"Ndiyo, bwana."

Ndipo Exélda akavisikia. Tktktktk. Vidogo, vya haraka, kama meno ya mtu mwenye homa. Vilikuwa visu vya Liette vikigonga barafu kwa woga, na asubuhi nzima ile ndiyo ilikuwa sauti ya kwanza viatu vile kutoa. Msichana amechora miduara, amegeuka mbele akageuka nyuma, bila kukwaruza hata mara moja, na sasa amesimama tu, anapiga kelele.

Wanaogopa wawili, basi. Exélda akabaki magotini akivisikiliza. Hakuna mwingine aliyevisikia. Alyre alikuwa anatazama kidole. Doria alikuwa anatazama kidole. Wana macho mazima wote, na wote wanatazama kidole.

"Shangazi," Alyre akasema taratibu, na safari hii sauti yake nayo ilikuwa na hofu, kama mtu aliyefungua mlango kwa utani akakuta kweli kuna mtu ndani. "Shangazi, hicho kidole... hapo ulipoweka hakuna mstari wowote."

Doria akasogea kuangalia mwenyewe.

Exélda akautoa mkono barafuni. Akaupuliza. Akajiinua kwa kulishika goti moja, kisha la pili, na hakuna aliyemsaidia, maana hakuna aliyejua kama bado inafaa kumsaidia. Uso wake akaugeuzia upande wa mlango, kule kwenye kitu chekundu juu ya kitu cha buluu.

"Zoël."

"Nipo, Bi Exélda."

"Zima taa."

"Taa gani?"

"Zote, tubaki na masikio tu. Halafu wewe, Liette mwanangu, nichoree nane nyingine."