Sufuria Ndogo ya Mama

Mama alikuwa ameapa: akila chakula cha Karambu ashibe, wazee wataenda kwao Nchiru kumposa. Akiumwa na tumbo, Muchangi atafute mwingine. Kaka yangu huyo alikuwa sebuleni, anafuta simu ambayo hata haikuwa chafu.

Karambu hupika kwa hoteli moja mjini Meru. Siku hiyo alikuja kwetu Gachoka na mfuko, akasema atatupikia mchuzi wa ng'ombe wa Kithai. Mama akaniambia, "Lorna, nenda umsaidie." Kwetu kusaidia ni kupeleleza.

Nikarudi na ripoti. "Ameweka nyama, viazi, njugu karanga."

"Hapo sawa."

"Na tui la nazi la mkebe."

"Nyama na nazi? Kwani tuko Mombasa?"

"Na mchaichai. Na maji ya samaki, yako kwa chupa."

Mama akasimama. "Samaki ndani ya ng'ombe! Huyo anapika ama anachanganya dawa?"

"Lakini harufu ni nzuri, Mama," Muchangi akasema.

"Wewe nyamaza. Wewe ulishalishwa."

Tukaingia jikoni. Kulikuwa na sufuria mbili, kubwa na ndogo.

"Hii ndogo ni ya nani?"

"Ni yako, Mama," Karambu akajibu kwa adabu. "Muchangi alisema kiungulia kinakusumbua, kwa hivyo yako haina pilipili. Hiyo kubwa yetu ni kali."

Maneno matamu, lakini Mama alinikanyaga mguu. Watu wote sufuria moja, yeye peke yake sufuria yake!

Mezani, Karambu alipofumba macho kuombea chakula, Mama akabadilisha sahani: yake kwa Karambu, ya Karambu kwake. Niliona kwa sababu hata mimi huomba macho wazi. "Amina" ya Mama ilikuwa kubwa kuliko zote.

Karambu akaona wekundu wa mchuzi mbele ya Mama, akashtuka. "Mama, hiyo si..."

"Si nini? Sema, si nini?"

Mama akatia kijiko mdomoni, kimejaa.

Macho yakajaa machozi. Masikio, nakuapia, yalisogea. Akitema, itabidi aeleze ile sahani ilifikaje kwake. Akameza.

Karambu alikimbia jikoni, akarudi na mkebe wa tui lililobaki. "Kunywa, Mama." Mama akalinywa lote, lile la Mombasa, akalamba midomo.

Kisha Karambu akamsukumia ile sahani nyingine, isiyo na pilipili. Mama akaonja kwa ncha ya kijiko. Akainusa. Akaonja tena. Viazi vikaisha, nyama ikaisha, akaanza kukwangua sahani.

"Umeshiba, Mama?" Muchangi akauliza.

"Wazee wataenda," Mama akasema. Halafu akanigeukia. "Lakini na wewe Lorna utaenda nao. Ukifika tu, pita jikoni kwanza, unihesabie sufuria."