Jeli Iliyopashwa Moto

Ufunguo wa jiko la kanisa ulikaa shingoni mwa Margaret kwa utepe mwekundu, na Emérance alikuwa ameuota mara nyingi kuliko alivyowahi kuota mbinguni. Mungu amsamehe, lakini ndivyo ilivyokuwa. Jiko lenyewe lilikuwa chini ya kanisa moja la Columbia Heights, Minnesota, pana kama uwanja, lenye mioto ya gesi iliyopangwa safu mbili na masufuria ambayo mtoto angeweza kuogeshwa humo. Wazungu wazee walisali asubuhi, Wakongomani mchana, na miaka yote hiyo Wakongomani walimaliza ibada kwa keki na soda, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuwasha hata kijiti cha kiberiti mle ndani bila idhini ya Margaret.

Sasa Maombi alikuwa anaolewa. Maombi, binti yake wa pekee, hakuona tatizo lolote. "Mama, tuta-order tu," alisema. "Kuna watu wa catering kule Maple Grove, wanaleta kila kitu."

Wanaleta kila kitu, ndani ya masanduku ya plastiki. Emérance alinyamaza siku hiyo, na ukimwona Emérance amenyamaza jua pana moto chini ya majivu. Yeye mwenyewe aliolewa katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mama yake akiwa amebaki Kongo, ng'ambo ya ziwa, na chakula cha harusi yake kilipikwa na majirani wenye huruma. Mkono wa mama yake haukugusa chungu. Aliapa siku ile, akiwa bado na shela kichwani, kwamba akijaliwa binti atampikia sombe ya harusi, majani ya muhogo yaliyotwangwa, kwa mikono yake miwili. Lakini jiko la nyumba yake ya kupanga lilibeba sufuria mbili kwa shida, na king'ora cha moshi kililia hata akichemsha chai. Bila ufunguo wa Margaret, hapakuwa na sombe.

Margaret alikuwa mjane mfupi, mwenye nywele nyeupe pe na sheria moja tu: anayetaka jiko, kwanza apike naye karamu moja. Karamu ikaja yenyewe. Kanisa lilikuwa linaadhimisha siku lilipoanzishwa, na wazee walitaka kula kama walivyokula miaka ya hamsini, mboga zilezile walizopika akina mama wa wakati huo, bila kupunguza wala kuongeza.

Jumamosi walianza kazi, Maombi akiwa mkalimani. Margaret alifungua makopo ya maharagwe ya kijani ya maganda ambayo tayari yalikuwa yameiva ndani ya kopo, akayamwaga sufuriani na siagi, akayachemsha tena. Akayaacha. Akafuta meza, akasimulia habari za marehemu mumewe, akayaacha zaidi, mpaka yakawa laini kiasi cha kuliwa na mtu asiye na jino hata moja.

Emérance nusura alie kwa furaha. Katika nyumba ya wazee alikofanya kazi, brokoli ilionyeshwa tu maji ya moto kisha ikapelekwa mezani ikiwa bado inashangaa. Alikuwa ameshakata tamaa na Wazungu kuhusu mboga. Kumbe walikuwapo waliojua kwamba jani ni lazima lishindwe kwanza ndipo liliwe.

"Mwambie huyu mama ni mtu wa kwetu kabisa," alimwambia Maombi. "Vraiment, kweli. Amepotea tu njia akazaliwa huku."

Maharagwe yakachanganywa na supu nzito ya uyoga ya kopo, yakanyunyiziwa vitunguu vya kukaanga, yakaingia friji yasubiri kesho yatiwe kwenye oveni. Mahindi ya maziwa nayo vivyo hivyo: friji leo, oveni kesho. Kisha Margaret akatoa unga wa kijani unaonukia ndimu. Akaukoroga kwenye maji ya moto, akatia kabichi iliyokunwa, karoti na njegere, akamimina kwenye vyombo vya bati vyenye tundu katikati, na vyote vikaingia friji.

"Hii ni mboga ao ni sabuni?" Emérance aliuliza.

"Ni jeli, Mama. Ni salad yao ya zamani."

"Na sukari ndani?"

"Na sukari."

Emérance aliona neno linamjia hadi ncha ya ulimi, akalimeza. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

Jumapili Margaret alipanda juu kuimba na kwaya, akaacha maagizo mafupi: vilivyo kwenye friji vitolewe, vipashwe moto, viwe mezani wimbo wa mwisho ukiisha. Jeli hakuitaja. Katika Minnesota nzima, nani ameshawahi kuhitaji kuambiwa?

Emérance akayatoa maharagwe, akayatia oveni. Akayatoa mahindi, akayatia oveni. Akaigusa jeli, ikamjibu kwa baridi ya kaburi. Alitazama juu dirishani, kwenye ukingo ambapo theluji ilikuwa imejikusanya, akawafikiria wale wazee walivyokuja wakijikongoja na fimbo zao kwenye barafu. Kwao Kongo, mgeni hapewi mboga baridi. Mboga baridi ni njia ya kumwambia mtu avae viatu aende zake. Kama maharagwe yalilala friji yakaamkia oveni, na mahindi vilevile, basi jeli imekosa nini? Akaitia oveni, akaongeza moto kidogo kwa upendo.

Harufu ndiyo iliyomshtua. Ilikuwa harufu ya ndimu na kabichi, vitu ambavyo havijawahi kutambulishana. Alifungua oveni akakuta vidimbwi vya kijani vinatokota, karoti zikiogelea na njegere zikipiga mbizi.

Maombi aliingia akiwa amebeba vitambaa vya meza. Akachungulia. Akaviweka chini taratibu.

"Mama. Jeli iko wapi?"

"Iko humo."

"Hiyo ni supu."

"Ilikuwa baridi, nikaipasha."

"Mama, jeli haipikwagi. It's supposed to be cold."

"Mboga gani haipikwagi?"

Maombi alifungua kinywa ajibu, kicheko kikamtoka badala ya jibu, akakaa chini sakafuni na suti yake ya Jumapili. Emérance alimtazama kwa hasira, kisha akaitazama njegere moja inayozunguka peke yake, na yeye naye akashikwa. Walicheka wakiwa wameshikana, machozi yakiwatoka, na huku juu kwaya ilikuwa imefika ubeti wa mwisho na viatu vikaanza kugonga ngazi.

Hapo kicheko kikakatika. Emérance aliona ufunguo unaondoka, na nyuma yake sombe, na nyuma ya sombe masanduku ya Maple Grove yanakuja kwa mstari.

"Tumwage kwa sinki," Maombi alinong'ona. "Tuseme frigo imeharibika."

Emérance alilifikiria. Tusidanganyane, alilifikiria kwa moyo wote. "Hapana," alisema mwishowe. "Siwezi kuingia jiko ya Mungu na uongo, halafu nikupikie arusi humo. Leta vikombe vya kahawa."

Akatia chumvi. Akatia pilipili moja iliyokuwa kwenye mkoba wake, maana hatoki nyumbani bila pilipili. Akachukua upawa, akajaza vikombe, akatoka navyo kifua mbele kama mtu aliyepanga hivyo tangu mwaka jana.

Wazee walivipokea kwa adabu na wasiwasi. Mmoja alinusa, akanywa, akakitazama kikombe, akanywa tena, na Maombi akatafsiri kwamba anasema pua yake imefunguka. Bibi mmoja alisukuma chake mbali akakifunika kwa kitambaa, kama anavyofunikwa maiti. Meza ya nyuma walikuwa wameanza kucheka bila kujua wanacheka nini.

Ndipo Margaret akafika. Akachukua kikombe, akanywa chote bila kupumzika. Akamwuliza Emérance amefanya nini.

"Mwambie nimeipasha moto," Emérance alisema. "Mwambie mimi siwezi kumpa mugeni mboga baridi. Hata nikikosa ufunguo."

Maombi alitafsiri yote, mpaka habari ya ufunguo. Margaret alisikiliza. Mabega yake yakaanza kuruka, kisha tumbo, kisha akalazimika kushika meza. "Ni mbaya sana," alisema alipopata pumzi. "Sijawahi kunywa kitu kibaya namna hii." Akaingia jikoni, akafungua friji, akarudi na chombo kimoja kilichokosa nafasi ndani ya oveni. Akakipindua kwenye sahani. Jeli ikasimama wima, ya kijani, ikitikisika.

"Mimi nimekunywa yako ya moto," alisema. "Wewe sasa utakula yangu baridi. Ukimaliza, tutazungumza."

Akamkatia kipande cha haki, kikubwa. Emérance alichukua kijiko. Ilikuwa baridi, tamu, na katikati ya utamu kabichi ilimsubiri. Jeli ilitelemka kooni ikichagua njia yake yenyewe. Alitaka kuitema. Alimwona mama yake amesimama ng'ambo ya ziwa, mikono mitupu, akameza. Akala kijiko kwa kijiko mpaka sahani ikang'aa, na wazee wakapiga makofi, na yule bibi aliyefunika kikombe akakifunua akajaribu kidogo.

Margaret alivua utepe mwekundu, akamvika Emérance. Aliongeza sharti, na Maombi akatafsiri: siku ya harusi ataleta jeli yake, na itakuwa baridi.

"Alete," Emérance alisema. "Wakwe wataikula yote, kama mimi."

Lakini Maombi hakutafsiri hilo. Alikuwa ameushika ufunguo juu ya kifua cha mama yake, akiugeuzageuza. Kicheko kilikuwa kimemwisha, na alipozungumza hakutia Kiingereza hata kidogo.

"Mama, sombe yangu utaanza kuipika lini?"

"Leo," Emérance alisema, na harusi ilikuwa bado miezi miwili.