Mkono wa Mshonaji

Binti yangu aliletwa hospitali pamoja na mashine. Sisemi mashine ya kumtibu, la. Ni mashine ya kusagia nyama, ya bucha la mumewe, na mkono wake wa kulia ulikuwa umo ndani mpaka kwenye kifundo.

Yeye si mtu wa bucha, ni mshonaji. Asubuhi ile msaidizi wa mumewe hakutokea, basi akaacha cherehani yake akaenda kushika zamu. Gongo la kusukumia nyama lilikuwepo, limelala pale pale mezani. Lakini mkono uliozoea kusukuma kitambaa kwenye sindano ukasukuma nyama vilevile, kwa vidole. Mkwe wangu alizima umeme, akafungua kichwa cha mashine kutoka kwenye mota, akakibeba na mkono wa mkewe ndani yake. Nilipofika kwenye chumba cha upasuaji nilimkuta amekaa sakafuni nje ya mlango, aproni imejaa damu, anasema, "Mama, mimi ndiye niliyemwita. Mimi ndiye niliyemwita."

"Nyamaza, baba," nikamwambia. "Utalia baadaye."

Wakaniruhusu kuingia. Binti yangu alikuwa amekunywa chai nzito muda si mrefu, na mtaalamu wa usingizi, kijana mwembamba asiyecheka, alikataa kumlaza. "Ana tumbo lililojaa. Nikimlaza, akitapika atajisonga. Nitamtia ganzi mkono tu. Bibi, wewe kaa kichwani kwake, mzungumzishe, asitazame huku."

Daktari mpasuaji alikuwa mama wa makamo, miwani imefungwa kamba nyuma ya shingo. Aliinama juu ya kile chuma kwa muda mrefu, halafu akauliza, "Kuna mtu aliyejaribu kuizungusha irudi nyuma?"

"Hakuna," nikajibu.

"Afadhali. Mngemvua ngozi kama soksi." Kisha akamgeukia binti yangu bila kuzungukazunguka. "Nimekufunga mpira juu ya kiwiko kuzuia damu. Hauwezi kukaa sana, mkono ukikosa damu unakufa. Chuma hiki kisipofunguka mapema, nitakata hapa." Akagusa juu ya kifundo.

"Daktari, mimi nashona," binti yangu akasema. "Sijui kitu kingine."

"Nimesikia. Ndiyo maana nimemwita fundi."

Fundi akaingia amevalishwa gauni la kijani na kofia ya karatasi, sanduku la vifaa mkononi. Nikamtambua, moyo ukanishuka. Huyu watu wanamwita Kesho, kwa sababu ukimpelekea feni au pasi, jibu lake ni hilo moja.

Binti yangu naye akamtambua. "Kesho, feni yangu iko kwako tangu kiangazi. Na huu mkono nao nitaufuata lini?"

"Leo, dada," akajibu, na hakutabasamu. "Leo leo."

Akafungua pete ya mbele, akatoa kisu na sahani ya matundu. Kazi safi, sikatai. Ndani ikabaki ile parafujo nene inayovuta nyama, vidole vimezungushwa humo. Akatoa grenda yake ya umeme, ya kukatia chuma, akaichomeka ukutani.

"Chomoa hiyo!" Mtaalamu wa usingizi aliruka kama kaumwa na nyuki. "Huoni anavuta oksijeni? Cheche moja, tutaungua humu sote."

"Basi ifunge hiyo oksijeni."

"Amepoteza damu nyingi. Siifungi."

"Hata kama angeifunga," daktari akasema, "chuma kikipata moto kitachoma kile ninachotaka kukiokoa. Huna kingine?"

Fundi akaitazama grenda yake kama mtu aliyekatazwa kula. Akatoa msumeno wa mkono. "Kukikata chote kwa huu hatuwezi, tutachelewa. Lakini hiki ni chuma cha kumiminwa kwenye kalibu. Hakipindi, kinapasuka. Nikikichonga mfereji, nikapiga patasi mara moja, kitaachana. Sasa niambieni vidole viko wapi."

Daktari akaning'iniza picha ya eksirei kwenye taa. Fundi akaisogelea, akakuna kofia. "Mimi hapa naona mawingu tu."

"Na mimi hicho chuma naona chungu tu," daktari akasema. Akachukua kalamu ya wino mzito, akatazama picha, akatazama chuma, akachora mstari. "Chini ya hapa kuna kidole gumba na mshipa wake. Usipite."

"Ufa utakuja huku, hautakwenda huko."

"Una hakika?"

"Kwa chuma, ndiyo."

Akaanza kukata. Nesi akawa anamwagia maji baridi. Sauti ya ule msumeno, jamani, ilikuwa ikipita kwenye meno yangu. Binti yangu akageuza shingo atazame, nikamshika mashavu.

"Kitendawili," nikamwambia.

"Mama, sasa hivi?"

"Kitendawili!"

"Tega."

"Kila akivuka mto, mkia wake unapungua."

"Sindano na uzi. Hicho ulinitegea sijaota meno." Midomo yake ilikuwa imekauka. "Zamu yangu. Mgeni kaingia mwenyewe, kutoka mpaka nyumba ibomolewe."

"Mkono wako, mwanangu."

"Umepata," akasema, akacheka, na machozi yakamtiririka kuelekea masikioni.

Nesi akatazama saa ya ukutani. "Daktari, mpira."

"Najua."

"Daktari, umepita muda."

Daktari akaenda kwenye sinki. "Fundi, nanawa mikono. Nikirudi hapa nitakuwa nimeshika kisu changu, na wewe utanipisha."

Fundi akazidi kukata. Jasho lilikuwa likimdondoka puani. Maji ya sinki yakawa yanamwagika, msumeno unalia, mimi sina kitendawili kichwani hata kimoja, nimebaki kumpapasa nywele mtoto wangu. Maji yakanyamaza.

"Tayari," fundi akasema. Aliweka patasi kwenye mfereji, akainua nyundo. Akaishusha. "Daktari, nikikosea?"

Daktari alikuwa amesimama nyuma yake, kisu mkononi. "Usipopiga, nakata. Piga."

Akapiga.

Mlio wake ulikuwa mdogo tu, kama sahani iliyoanguka chumba cha pili. Chuma kikaachana vipande viwili, ufa ulikwenda alikosema. Fundi akanyoosha mkono aizungushe parafujo, daktari akamsukuma kwa bega.

"Hapo umefika. Kuanzia hapa ni mimi."

Fundi akarudi nyuma mpaka ukutani, akakaa chini na kofia yake ya karatasi.

Sikutazama kilichotolewa. Nilimtazama daktari usoni, na uso wake haukunipa kitu. Alifungua, akaosha, akalegeza mpira. Baada ya muda akasema polepole, "Kidole gumba kizima. Cha kati kinapona. Viwili vya mwisho vimekwenda, nisikudanganye."

"Na cha shahada?" binti yangu akauliza. Nilihisi shingo yake imekakamaa mikononi mwangu.

"Kina damu, kitaishi. Lakini kiungo cha katikati kimesagika. Nitakishika kwa waya, na hakitakunjika tena maisha. Kikinyooka, utaandika vizuri na kuingiza mkono mfukoni. Kikipinda, utakamata vitu. Mimi mifupa naijua, kushona sijui. Nikupindie kiasi gani?"

Binti yangu akafumba macho. Nilifikiri amezimia, nikataka kumwita. Kumbe kichwani mwake alikuwa amekaa mbele ya cherehani yake. Akainua mkono wa kushoto, mzima, akauweka hewani kifuani pake, kidole cha shahada kimeinama kidogo juu ya kitambaa ambacho hakipo, kama anakiongoza kwenye kona ya kola.

"Hivi," akasema. "Ikizidi hapo, sindano itanipata. Ikipungua, kitambaa kitaniponyoka."

"Usiushushe," daktari akamwambia.

Mkono ulipochoka nikaushikilia kwa chini, taratibu, nisikiguse kidole. Daktari akawa anatazama kidole cha kushoto, anapinda cha kulia, anatazama tena. Halafu akaomba waya.