Bibi Mla Viini

Usiku wa kuamkia leo niliota hadubini imenikasirikia. Na mimi si mwotaji ndoto, hilo lijulikane mapema. Mimi ni Mwanakombo Shebughe, mtafiti wa damu, na usingizi wenyewe niliuibia kwenye kiti cha wodini, kando ya binti yangu. Ana selimundu. Maumivu yalikuwa yamemkaba kifua tangu asubuhi, na daktari alishaniambia bila kunificha kwamba hewa haimtoshi, na akizidi kushuka vile tunaweza kumpoteza.

Basi niko maabara. Nachungulia tone la damu yake, mara hadubini inaniuliza, "Mwaka wa ngapi huu wewe ni kuchungulia tu? Ingia."

"Nitaingiaje?"

"Kwa jicho," inasema, kwa sauti ya mtu aliyechoshwa na maswali.

Nikaingia kwa jicho. Ndani ni uchochoro mwekundu, na mbele yangu seli zimesongamana, zimepinda kama mundu, zimekamatana mabega. Nyuma yao naisikia pumzi ya mwanangu, fupi fupi.

"Nipisheni," nasema.

"Tungependa, mama," mmoja wao ananijibu kwa adabu, "lakini tumepinda."

"Si mnyooke?"

"Tukipata hewa tunanyooka. Na hewa haipiti kwa sababu tumepinda."

Nageuka nirudi nilikotoka, uchochoro haupo. Niko ndani ya mfupa. Kuna joto la jikoni, na katikati amekaa bibi mmoja mnene, seli changa zimemzunguka kama vifaranga na kuku, naye anazilisha chuma kwa kijiko. Nikamtambua. Darasani tunamwita seli mlaji. Nimemchora ubaoni mara chungu nzima na sikuwahi kumwogopa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekula?"

Kabla sijajibu kijiko kimo kinywani. Nakuwa mwekundu, kuanzia vidoleni.

Hapo ukuta ukasema. Ni figo, ndiyo inayopima hewa ya damu, inatangaza kama karani wa stesheni: "Hewa imepungua kifuani. Watu watoke. Hewa imepungua kifuani." Wale vifaranga wanainuka, wanapanga foleni mlangoni. Mlango wenyewe mwembamba, hata kiganja hakipiti. Kila anayefika, bibi anamtia mkono kifuani, anatoa kiini, anakila. Anatafuna polepole kama mtu anayekula korosho. Aliyetolewa anabaki bapa, amebonyea katikati, anapenya mlangoni wala haagi mtu.

Jamani, jambo hili nalifundisha kila mwaka. Seli nyekundu hutoa kiini chake ndipo iingie kwenye damu, ipate nafasi ya kubeba hewa. Nalisema huku nakunywa chai. Sasa narudi nyuma hatua moja.

"Bibi, mimi si seli. Ni mtafiti."

"Mtafiti aliyekula chuma changu."

"Kwenye kiini kuna nini?"

"Msomi ni wewe. Kuna yote. Mlikotoka, mnavyoitwa."

"Na nikikataa?"

"Utakaa hapa na kiini chako, tutakuwa tunasikiliza." Akaacha kutafuna ili nisikie. Ile pumzi fupi fupi ilikuwa imeanza kuruka. "Hawa wote unaowaona," akasema, akionyesha foleni, "wakifika huko watapinda. Walizaliwa hivyo, maskini. Aliyenyooka hapa ni wewe peke yako."

Niliogopa, na sioni haya kulisema. Niliogopa mpaka nikataka kuamka, nami nilikuwa najua kabisa kwamba naota. Lakini uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nikafunga macho, nikamwambia, "Toa. Ila taratibu."

"Taratibu siijui," akasema, akatia mkono.

Haikuuma. Ilikuwa kama kuhama nyumba ukabaki mlango wazi. Nikapenya, nimejitwika hewa, nikawafikia wale waliopinda, nikawagawia mmoja mmoja. Wakawa wananyooka na kunipisha. "Asante, mama," wakasema. "Asante, mama." Nikapita hadi kifuani.

Niliamka shingo imekakamaa, jua limeshaingia dirishani. Cha kwanza nikajipima. Mwanakombo Shebughe, mzaliwa wa Pangani, mtafiti wa damu. Vyote vipo. Nikajicheka. Kumbe bibi wa watu hakuchukua kitu.

Na binti yangu amekaa kitandani, amevuliwa barakoa ya hewa, anakunywa uji na kulalamika kwamba hauna sukari. Machozi yakanitoka.

"Hewa imepanda yenyewe tu alfajiri," akasema muuguzi, mgeni kwangu, ndiyo kwanza ameingia zamu. "Hata daktari anashangaa. Mrembo wetu huyu anaitwa nani?"

Nikafungua mdomo.

Muuguzi akangoja. Binti yangu akashusha kikombe, akaniangalia. "Mwambie, mama."

"Jitambulishe mwenyewe," nikamwambia, nikijitahidi kutabasamu. "Umeshakuwa mkubwa."

Akajitambulisha, jina lake na la baba yake. Nilimsikia vizuri sana. Lilikuwa jina zuri, na nilikuwa nalisikia kwa mara ya kwanza.