Binti Aliyeitwa Kukisemea Kilatini

Mwalimu mzee alikaa kwenye kiti cha wageni ofisini kwa binti yake, kofia mapajani, akimsubiri amalize kazi waende shuleni. Roho ilikuwa juu. Jioni hiyo wazazi na walimu wangejadili kama Kilatini kiendelee kufundishwa katika shule alikokifundisha yeye mpaka mvi zikamjaa, na mkuu wa shule alikuwa amemwomba binti, aliyesoma hapo, azungumze. Binti hakusema atazungumza nini, na baba hakuuliza. Mtu atamuulizaje mwanawe, "Eti, maisha yangu yalikuwa na faida?"

Binti huyo, kitindamimba wake, alikuwa mnunuzi na muuzaji wa hisa. Aliwahi kumweleza baba yake kazi hiyo. Kuna bei ambayo hisa ikiifikia hugonga kichwa na kurudi chini, tena na tena, kama mtu mrefu ndani ya chumba kifupi. Wenye kazi hiyo huiita dari. Siku bei ikipasua dari, mara nyingi hupanda mbio, na aliyewahi ndiye anayefaidi.

"Inapasua! Inapasua!" mwenzake wa meza ya pili akapiga kelele.

Wote wakasimama. Mstari kwenye kompyuta ulikuwa umepita juu ya dari. Binti akanunua. Mwalimu naye akajikuta wima, kofia ikaanguka. Halafu mstari ukasita, ukageuka, ukashuka chini ya dari kama paka aliyechungulia nje akakuta mvua.

"Subiri kidogo, itarudi," alisema mwenzake.

"Isubiri wewe, kama ni mchumba wako," binti akamjibu, akauza palepale kwa hasara. Kisha akaiokota kofia ya baba yake, akaipangusa vumbi kwa kiganja, akammiminia chai.

Mwalimu akaipuliza chai. Amepata hasara mwanangu, aliwaza. Atasimama mbele za watu na uchungu huu, na atasema ukweli: kwamba miaka yote ile ya kukariri lugha isiyo na wenyewe haikumfaa kitu.

Ukumbini, mkewe alikuwa amewashikia viti, kimoja kwa mkoba, kingine kwa mtandio. Mzazi mmoja, mhandisi, alikuwa amesimama akizungumza.

"Jamani, Warumi walishakufa, na hawakuacha namba ya simu. Watoto wetu wanataka hesabu na kompyuta."

Watu wakaangua kicheko. Hata mke wa Mwalimu alicheka, kisha akamfinya mumewe goti. "Nisamehe, baba watoto. Kachekesha."

Mwanasheria mmoja mstaafu akainuka kusema kwamba Kilatini hunoa akili.

"Hata mchezo wa drafti unanoa akili," mhandisi akamjibu.

Ndipo mkuu wa shule akamwita binti.

"Wazee wangu, shikamooni," alianza. "Sitawadanganya. Kilatini sikitumii. Nimekisahau karibu chote, na baba yangu yuko hapa ananisikia."

Mwalimu akavitazama viatu vyake.

"Lakini darasani kwake, ukikosea ubaoni hukuchekwa wala hukuchapwa. Alikupa kitambaa, ukafuta mwenyewe, ukarudi kukaa, na wenzako wakakusogelea kukupa nafasi. Kwake kukosea kulikuwa kama kupiga chafya. Leo nimenunua hisa nikidhani imepasua dari. Kumbe wapi! Nikafuta, nikaendelea na kazi. Nimewaona watu wenye akili kunishinda wakifilisika, kwa sababu tu neno 'nimekosea' lilikataa kutoka. Sijui kama ni Kilatini kilichonifunza hayo, au ni baba. Mimi nilivipokea pamoja, siwezi kuvitenganisha."

Mhandisi akakuna kichwa. "Dada, hapo umemsifu mwalimu. Kilatini hujakisifu."

"Huenda. Basi mkikitoa Kilatini, angalieni msije mkamtoa na mwalimu wa namna hiyo."

Safari hii hakuna aliyecheka. Kura zilipopigwa, Kilatini kilibaki, ila kwa mtoto anayekitaka tu, baada ya masomo. Mwanasheria alinung'unika kwamba huko ni kuzikwa taratibu. Pengine alisema kweli. Lakini Mwalimu alishusha pumzi ndefu mpaka mkewe akamgeukia, akidhani anaumwa. Wapi! Mzee alikuwa anasikia njaa. Tangu asubuhi chakula kilikuwa kimemshinda.

Mlangoni walimkuta mhandisi amewashikia mlango wapite. Akamvuta Mwalimu pembeni.

"Mzee wangu, nina binti mdogo. Akikosea hesabu moja, analia mpaka analala. Hicho kipindi cha baada ya masomo… utakuja kufundisha wewe?"

"Mimi? Mimi si nimestaafu, baba."

"Amestaafu mshahara," mkewe akadakia, "kuongea hajastaafu. Mlete mtoto."

Mwalimu akacheka hadi akashika ukuta. Binti yake akamshika mkono, naye akauegemea mkono huo kwa uzito wake wote, bila kujikaza, wakashuka ngazi kwenda kutafuta chakula.