Taa Nyekundu ya Gari la Mwalimu

Kwa magari yaliyokataa kupoa, mji mzima haukuwa na fundi wa kumfikia Baridi. Jina alilopewa na wazazi lilikuwa limeshasahaulika gereji. Wateja walisema gari likitoka mikononi mwake, ukipanda na shati utashuka ukitafuta koti. Kazi aliyoiweza ni ile ambayo mafundi wengi huikimbia: kuing'oa dashibodi nzima, skrubu moja baada ya nyingine, kuingia mpaka mabegani kwenye msitu wa nyaya na mabomba, kisha kurudisha kila kitu mahali pake.

Siku mdogo wake wa kike alipomletea gari la nyumbani kwake, alishuka akijipepea kwa gazeti.

"Kaka, hili si gari tena, ni tanuri. Tunapanda wabichi, tunashuka tumeiva."

Mumewe, mwalimu wa sekondari, alicheka kwenye kiti cha dereva. "Shemeji, ukishindwa niambie mapema, nianze kuoka mikate humu ndani."

Baridi aliwasha gari, akatega sikio. Nyuma ya dashibodi kulisikika tik-tik-tik, kama mtu anayegonganisha meno kwa homa. Akajua. Mle ndani mna vilango vinavyochanganya hewa ya moto na ya baridi, na kila kilango kinasukumwa na mota isiyozidi ukubwa wa kiberiti. Moja ilikuwa imekatika meno, kilango kikakwama upande wa moto.

Alichomoa betri, akatoa redio, akatoa droo. Ili aifikie mota, ilibidi autoe pia mfuko wa hewa wa upande wa abiria, ule unaofumuka gari linapogonga. Alichomoa plagi yake, akaulaza mfuko kwenye benchi. Alasiri alikuwa amefunga mota mpya na kurudisha dashibodi. Hewa ikatoka baridi mpaka dada akapiga kigelegele. Ila mbele ya usukani ilibaki taa moja nyekundu, ndogo, haizimiki.

"Na hii?" dada aliuliza.

"Achana nayo. Ni kwa sababu nilichomoa betri. Itajizima yenyewe."

Alisema hivyo kwa kuwa mgongo ulikuwa unamuuma, na kwa kuwa aliwahi kuona taa za namna hiyo zikijizima. Wiki iliyofuata dada alimpigia simu: kaka, ile taa bado. "Pitia siku yoyote," alimjibu, simu ameibana begani, mikono imo ndani ya gari la mtu mwingine. Dada hakupata nafasi ya kupita, naye hakumkumbusha.

Asubuhi moja ya mvua, lori lilisimama ghafla mbele yao. Mwalimu alikanyaga breki amechelewa. Mfuko wa dereva ulifumuka. Akatoka na mfupa wa bega uliovunjika. Wa abiria haukufumuka. Dada alikata roho kabla hawajamtoa garini.

Msibani, Baridi alibeba jeneza na hakuinua macho. Wiki mbili baadaye alikwenda kwenye yadi lilikowekwa gari lile. Alimwambia mlinzi anataka redio. Akapenyeza mkono kwenye ufa wa dashibodi, palepale vidole vyake vilipopajua, akaikuta plagi inaning'inia, safi, haijaunganishwa. Aliketi kwenye kile kiti cha abiria mpaka mlinzi akaja kumuuliza kama redio imekwama.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Kwake kilio kilikuwa kimeshapita, na bado akaficha.

Wakati huo mama yao alikuwa ameshampata wa kumlaumu. Mwezi wa pili baada ya msiba alimwita Mwalimu nyumbani, mbele ya baba mdogo na Baridi. Mwalimu alikuja mkono umefungwa kitambaa shingoni. Mabinti zake wawili walibaki uani.

"Nitasema bila kuzunguka," mama alianza. "Wajukuu wangu watakaa hapa. Wewe mfuko wako ulifumuka, wa mwanangu haukufumuka. Ulijua gari ni bovu ukamkalisha upande mbovu."

"Mama, sikujua."

"Taa ilikuwa inawaka! Aliniambia mwenyewe. Ulikuwa unasubiri nini?"

Mwalimu aliinua uso. Alimtazama Baridi mara moja, haraka. Taa ile alikuwa ameambiwa haina neno, na aliyemwambia alikuwa ameketi palepale. Lakini hakumtaja. Akainamisha kichwa.

"Kama watoto watalelewa vizuri zaidi hapa," alisema polepole, "sina nguvu ya kubisha."

Baridi akadakia. "Mama, mwache shemeji. Ni mimi."

"Wewe umefanya nini?"

Akaeleza. Mota, mfuko, plagi, taa, simu, yadi. Alieleza kama anavyomweleza mteja, kwa kuwa hakuwa na namna nyingine ya kusema. Baba mdogo alishika kichwa. Mama alisikiliza bila kupepesa macho.

"Kuirudisha hiyo plagi," mama aliuliza, "inachukua muda gani?"

"Sekunde mbili, mama."

"Mbili."

"Ndiyo."

Mama aliinuka, akaingia chumbani, akafunga mlango. Hawakusikia kilio. Hilo lilimtisha Baridi kuliko matusi.

"Shemeji, nisamehe," alisema.

Mwalimu alimgeukia. "Miezi miwili nalala nikijua nimemuua mke wangu. Nawaangalia watoto wake usoni nikijua hivyo. Nawe ulikuwa unakuja kunijulia hali. Unanishika mkono, unaniambia nijipe moyo."

"Niliogopa."

"Najua uliogopa." Akasimama, akaenda uani kuwaita mabinti zake. Mdogo alipita mlangoni akasema, "Mjomba, tunaondoka," kwa sauti ya kawaida kabisa, na baba yake akamvuta mkono.

Kesho yake Baridi alikwenda polisi kuandika maelezo. Yalichukua asubuhi nzima. Mwalimu alibaki na watoto wake. Hakuna aliyelitaja tena suala la kuwachukua. Mwisho wa wiki mabinti huja kwa bibi yao, na siku hizo Baridi hatakiwi pale. Aliambiwa hivyo na baba mdogo, kwa upole, wamesimama barabarani.

Siku nyingine anapokwenda, mama anamfungulia mlango, anaitikia salamu yake na kumpa kiti. Hamuulizi ameshindaje.